Bajeti ya Jikoni (4): Msianze Kukata kwa Mtoto

Mama zangu wa Ngerengere, tuendelee. Kuna mmoja kaniuliza, "Nesi, bajeti ya mwezi naishikaje wakati mume wangu ni kibarua, analipwa kwa siku?"

Swali zuri. Wanaosema nunua vya mwezi mzima kwa mkupuo wanaongea na mwenye mshahara. Wewe anza na mahindi tu. Baada ya mavuno bei hushuka, basi kila ukipata nunua hata nusu debe uweke. Ila yakauke kabisa, na yakae juu ya chaga, si sakafuni. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.

Sasa hela ikikata tarehe 20, mnapunguza nini? Dagaa na maharage ndiyo vinaondoka kwanza, biskuti na soda vinabaki. Hapo sikubaliani nanyi hata kidogo. Mtoto akishafika miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi (usimwachishe lakini, nyonyesha mpaka miaka 2), na uji mtupu wa sembe unajaza tumbo tu. Kliniki tunaona mstari wa uzito kwenye kadi umelala, mama anasema "lakini anakula."

Unga wa lishe wa nafaka nane haulazimiki, nafaka zote ni ndugu. Saga dagaa wakavu walio safi, tia kwenye uji wake. Kopo hilo ni la mtoto, baba asiliguse!

Kesho tuongelee daftari la mkopo kwa Mangi.