Anayechelewa na anayesubirishwa



Kadi ya harusi inasema saa 12 jioni. Aliyeichapisha anajua maharusi hawataingia ukumbini kabla ya saa 2 usiku. Mwalikwa naye anajua, kwa hiyo saa 12 ndiyo kwanza anapiga pasi. Anayeumia ni yule aliyeiamini kadi.

Tumezoea kuliita jambo hili "saa za Kiafrika" na kucheka. Lakini tazama jinsi tunavyowapokea wanaochelewa. Mwanafunzi aliyegombania daladala tangu alfajiri akifika baada ya kengele, anakutana na fimbo. Mgeni rasmi akichelewa kwa saa tatu, anakutana na ngoma na makofi, na watoto waliosimama juani tangu asubuhi wanaambiwa wapige vigelegele. Mshereheshaji anamwombea radhi: mheshimiwa ana majukumu mengi. Kana kwamba waliomsubiri hawana yao.

Novemba 6, 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alitembea kwa miguu hadi Wizara ya Fedha na kukuta viti vitupu. Wananchi wengi walifurahi, maana wanajua kukaa kwenye benchi la ofisi ya umma wakimngoja mwenye kiti. Hata hivyo, nidhamu ya kuogopa ziara huisha ziara ikiisha. Inayodumu ni ile ya kumheshimu anayengoja.

Maandiko yanatusaidia kupambanua. Katika 1 Wakorintho 11, wengine walitangulia kula hadi kulewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa. Paulo hakuwakemea wenye njaa. Aliwakemea walioshiba, akawaagiza wangojane. Katika Mathayo 20, mwenye shamba aliwakuta watu wamesimama bure saa kumi na moja. Hakuwaita wavivu, aliwauliza sababu. Kumbe hakuna aliyewaajiri! Akawapa kazi, na jioni akawalipa sawa na wenzao.

Basi, kumngoja mnyonge ni upendo. Kumngojesha mnyonge ni kumwibia, kwa kuwa muda aliopoteza hakuna atakayemrudishia.

Tuanzie kanisani. Mama aliyekesha na mgonjwa akiingia katikati ya mahubiri, mzee wa kanisa asimkazie macho, ampishe kiti. Lakini mwenyekiti wa kamati akichelewa bila taarifa, kikao kianze kwa saa iliyotangazwa. Mhubiri naye akumbuke kwamba akipitiliza ibada ya kwanza, waumini wa ibada ya pili wamesimama nje na watoto mgongoni.

Wiki hii kuna mtu atakayekungoja: fundi, mteja, mgonjwa, mtoto langoni mwa shule. Kabla hujamwambia kwa simu "nipo njiani", hakikisha umeshatoka nyumbani.