Ardhi ya Mpanda na Matakwa ya Mabepari

Mwezi Agosti 2010, Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ilitia saini makubaliano na AgriSol Energy, kampuni ya mabepari wa Iowa, Marekani. Ardhi iliyolengwa ni Katumba na Mishamo, takriban hekta 300,000, kwa miaka 99.

Hilo halikuwa pori tupu. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 walilifyeka kwa jembe la mkono na kulilisha taifa. Na mwaka huo huo wa 2010 walikuwa wakipewa uraia. Hata hivyo, makubaliano yalingoja makazi yao yafungwe kwanza!

Kodi ya ardhi? Shilingi 200 kwa hekta kwa mwaka, na nyingine 500 kwa Halmashauri. Lakini ubepari hautosheki na ardhi. Kampuni ilitaka pia hadhi ya mwekezaji mkakati, na sheria ya kuruhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Nani aliichagua kampuni hiyo kutunga sheria za Tanzania? Bunge lipo, na wananchi wa Mpanda wana mbunge wao.

Mradi ulikwama, na wakulima wakabaki mashambani mwao. Saini, hata hivyo, ziliwekwa na watumishi wa umma, mchana kweupe, kabla mkulima wa Mishamo hajaulizwa neno.