Askari akiwa hai hana habari

Nimepotea kidogo wadau, mambo ya gazetini yalinibana. Leo nina jambo ambalo mhariri wangu amelikataa mara mbili eti "hakuna tukio". Basi nalileta huku.

Kaka mmoja wa mtaani kwetu, tumekua naye nyumba zikitazamana, alikwenda Kongo kulinda amani. Ni ile brigedi iliyotokana na azimio namba 2098 la Machi 2013, Watanzania pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi. Ukimwuliza vita hasemi kitu. Mwulize siku ilikwendaje, hapo mtakesha: lindo, doria, kujaza mchanga kwenye magunia, kufua kombati kwenye ndoo halafu kuomba jua litoke, foleni ya kuchaji simu jenereta likiwashwa. Kiswahili kiliwabeba sana. Mama muuza ndizi wa Beni anakielewa, ingawa chake kina ladha nyingine, na kuna siku walicheka mpaka wakasahau bei.

Kazi ilikuwa jioni. Beni iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo akitoka lindo saa mbili usiku, kwa mama yake ni saa tatu na usingizi umeshaanza. Na nyumba nzima inapita kwenye simu hiyo: ada ya mdogo wake, bati za chumba cha uani, mtoto aliyezaliwa yeye hayupo. Mama akisema "huku wazima" anajua kuna kitu kinafichwa. Yeye akisema "huku shwari", mama naye anajua.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki ikashambuliwa. Mapigano yalikwenda kwa saa nyingi. Walikufa Watanzania 14, baadaye wakafika 15. Kaka yetu alikuwa kambi nyingine, lakini simu yake haikupatikana siku mbili. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimerudi nyumbani, nikamkuta mama yake amekaa barazani, simu mapajani. Habari aliipata kwa kijana wa jirani aliyeonyesha picha za WhatsApp bila hata salamu. Siku ya tatu mwanawe akapiga, wakaongea dakika moja, kisha mama akaingia jikoni kupika kama kawaida.

Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuja kusema kulikuwa na mapungufu kwenye mafunzo na uongozi, na kwamba hapakuwa na mpango wa maana wa kuwafikishia wale askari msaada. Hayo tuliyaandika. Tuliandika na majeneza. Zile siku mbili za barazani hakuna gazeti lililoziandika, na langu la leo nalihesabu humo humo.

Kijiweni utasikia "wale wanakula madola". Jamani! Kiwango kilichopangwa mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi, lakini Umoja wa Mataifa huilipa serikali, kisha kila nchi humlipa askari wake kwa viwango vyake. Hata intaneti ya kambini imo kwenye mambo ambayo nchi hurudishiwa gharama. Kwa hiyo kumwezesha askari kuongea na nyumbani ni sehemu ya kazi, si hisani.

Ninachotaka mimi ni kidogo: familia ya kila aliye nje iwe na namba moja ya kupiga, na mtu wa kujibu "yuko hai" hata kama hasemi yuko wapi. Najua siri za jeshi, sijaomba ramani. Mama yule asingejali ni kilima gani.

Juzi nimewapitia. Kaka yuko kikosini hapa hapa nchini siku hizi, alikuwa likizo, anakula. Saa tatu usiku mama akaichomoa simu kwenye chaji, akaiweka mezani mbele yake. Nikamwambia, mama, mwanao si huyu hapa? Akasema anamwona.