Mwanafunzi wa kubadilishana: kabla ya tiketi, orodha ya kozi

Ilikuwa saa tatu za usiku, mwezi wa 11, simu yangu ikalia. Namba ya Tanzania. Alikuwa kijana wa hapa kwetu Likasi, wa komini ya Kikula, ambaye familia yake tunajuana. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu afike katika chuo kikuu kimoja cha kule kwa muhula mmoja, kama mwanafunzi wa kubadilishana. Hakuniambia habari za chakula wala za joto la pwani. Aliniuliza jambo moja: « Yaya, banasema tuchague kozi sisi wenyewe. Unachaguaka namna gani? »

Nilicheka. Kisha nikaona kwamba mimi pia sina jibu. Nilimaliza masomo yangu ya habari bila kuchagua hata kozi moja. Kwetu unachagua fakilte, basi. Kutoka pale, promosio nzima inatembea pamoja: horeri inabandikwa kwenye ukuta, kila mtu anaandika, kila mtu ananunua silabusi, kila mtu anasubiri pointi. Ukiuliza ni kozi gani za lazima na gani za hiari, wenzako watakutazama kama mtu aliyelala darasani.

Kijana huyo alifanya kile ambacho ningefanya mimi. Alifuata wenzake wa chumba. Aliandikisha kozi tano, akasoma kwa Kiingereza ambacho hakukizoea, akafaulu zote tano. Aliporudi alipeleka karatasi yake ya pointi kwenye fakilte yake, katika chuo kimoja cha jimbo letu. Juri ikamjibu kwamba kozi hizo haizijui. Hakuna aliyekuwa ametia sahihi popote kwamba zitahesabiwa. Muhula mzima ukawa kama haukuwepo, akakaa mwaka ule pamoja na wadogo zake. Pesa ya safari ilikuwa imetoka kwa mjomba wake wa Kolwezi, na mpaka leo katika familia ile watu wanasema kwamba « alienda kutembea ».

Naandika kuhusu jambo hili kwa sababu litaongezeka. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo ilitangaza mwaka 2017 kwamba nchi zake ni eneo moja la elimu ya juu, na iko na baraza la vyuo vikuu lenye makao yake Kampala. Upande wa kusini tuko ndani ya SADC tangu 1997. Protokoli ya elimu ya SADC, ya mwaka huohuo, inaomba vyuo viwekee wanafunzi wa nchi zingine za jumuiya angalau nafasi 5 kwa kila 100. Na programu ya Erasmus ya Ulaya inaweza kumpokea mwanafunzi kutoka kwetu kwa muhula mmoja. Milango ipo. Lakini kila mara ninapoulizwa kuhusu safari hizi, maswali ni ya viza, tiketi na bursi. Kuhusu kozi, kimya. Lakini kozi ndizo zilizomrudisha yule kijana nyuma mwaka mmoja.

Sehemu ya kosa ilikuwa yake, na yeye mwenyewe anakubali. Katika vyuo vya Tanzania kila kozi iko na alama yake: herufi chache na tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza kwa kawaida inaonyesha mwaka. Kozi ya 101 ni ya mwaka wa kwanza, 203 ni ya mwaka wa pili. Yeye alikuwa ameshamaliza mwaka wa pili hapa, na bado kozi mbili kati ya tano alizochukua zilianza na 1. Alirudia mambo anayoyajua, na alifurahi kwamba ni nyepesi. Vilevile hakujua kwamba katika wiki za kwanza mtu anaweza kuacha kozi na kuchukua nyingine, na kwamba baada ya tarehe fulani mlango huo unafungwa. Alipojua, ulikuwa umefungwa.

Lakini sehemu kubwa si yake. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana ndiyo inayokula miaka ya watoto wetu.

Kwetu, tangu mfumo wa LMD ulipoingia mwaka wa kwanza wa vyuo vyote katika mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja ni krediti 60, kila muhula 30. Krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani pamoja. Tanzania, mwaka mmoja ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10. Afrika Kusini ni hivyohivyo: 120 na saa 10. Ulaya ni 60, kama sisi, na krediti moja ni saa 25 mpaka 30. Kwa hiyo neno ni moja, lakini kipimo si kimoja. Ni kama kununua unga kwa meka sokoni: kabla ya kulipa unatazama kwanza meka yenyewe ni ya ukubwa gani.

Kozi tano za kijana wetu zilikuwa na krediti 12 kila moja, jumla 60. Kule ni muhula kamili. Ukizigeuza kwa kutazama mwaka, nusu mwaka wa kule ni nusu mwaka wa hapa: anapata krediti 30, muhula wake umekamilika. Ukizigeuza kwa saa, 60 mara 10 ni saa 600. Gawanya kwa 25, unapata 24. Krediti 6 zinakosekana, na mtu anaweza kuanguka juu ya hizo sita. Njia zote mbili zinaweza kutetewa. Mimi naona ya kwanza ni ya haki zaidi, kwa sababu mwanafunzi aliyefanya muhula kamili mahali halali hapaswi kurudi na deni. Lakini hata aliyechagua ya pili angempatia 24. Kijana huyu alipata sifuri, kwa sababu hakuna aliyekaa naye kabla ya safari kuchagua hata njia moja.

Wenzetu wa Erasmus walimaliza ugomvi huu kwa karatasi. Kabla mwanafunzi hajaondoka, unaandikwa mkataba wa masomo: kozi atakazosoma kule, krediti zake, na kozi za nyumbani ambazo zitahesabiwa kuwa zimesomwa. Watu watatu wanatia sahihi: mwanafunzi, chuo anakotoka, chuo anakokwenda. Akifika akakuta kozi moja haitolewi muhula huo, au ratiba zinagongana, mkataba unabadilishwa na sahihi zinatiwa upya. Akirudi na pointi zake, juri haina cha kujadili.

Je, fakilte zetu zinaweza kufanya hivyo? Kutia sahihi, ndiyo, leo hii. Shida iko kwenye kile kitakachoandikwa juu ya sahihi. Ili uandike « kozi hii ya Dar es Salaam inachukua nafasi ya kozi yetu ile », lazima kozi yetu ile iwe imeandikwa mahali: jina lake, krediti zake, muhula wake, mambo yanayofundishwa ndani. Katika vyuo vingi vya nchi yetu, orodha hiyo iko ndani ya kabati la sekreteri wa fakilte, au kichwani mwake. Mwanafunzi anaiona ikiwa karatasi ya pointi, mwisho wa mwaka.

Sasa geuza safari. Tuseme mwanafunzi wa Kitwe anataka kuja Likasi. Si ndoto: Copperbelt University iko na shule ya migodi, nasi tunakaa juu ya shaba ileile. Mtoto wa kule anayesoma madini anajua jina la Shituru, na Shinkolobwe dunia nzima inaijua. Barabara ni ile ya malori: Chingola, Chililabombwe, Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi. Anaandikia chuo cha hapa: naomba orodha ya kozi za muhula wa pili, na tarehe zake. Atapata jibu gani?

Hapa kuna jambo ambalo wageni hawalijui na sisi tumelizoea. Kozi nyingi kwetu hazitolewi kila wiki muhula mzima. Profesa anatoka Lubumbashi au mbali zaidi, anafika, anafundisha asubuhi na mchana siku kumi au wiki mbili, anamaliza kozi, anaondoka. Akichelewa, kozi inachelewa naye. Mwanafunzi wa hapa anasubiri, maana hana pa kwenda. Mwanafunzi wa kubadilishana iko na tarehe ya kurudi kwenye pasipoti. Anaweza kuandikisha kozi sita, akafundishwa mbili, na nne zikaanza wiki ile anapanda basi. Huwezi kumwambia achague kozi kama huwezi kumwambia kozi itakuwa lini.

Najua jibu la wakubwa wa vyuo, nimelisikia: hatuna pesa, maprofesa hawatoshi, mishahara inachelewa, migomo inavuruga kalenda. Yote ni kweli, na mimi nimeandika habari za migomo hiyo mara nyingi. Lakini orodha ya kozi haisubiri mshahara. Ni kurasa chache kwa kila fakilte. Sekreteri anayejua kozi kwa kichwa anaweza kuzitaja mchana mmoja, na kijana mmoja mwenye kompyuta akaandika. Kozi zisizokuwa na tarehe ya uhakika ziwekewe alama, mgeni aziepuke. Hata orodha yenye kozi nane tu za uhakika ni bora kuliko orodha ya arobaini iliyo kabatini.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ya kubadilishana ni mageni kwetu, ni ya wazungu. Hapana. Kuanzia 1963 mpaka 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mkenya aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na hakuna aliyewaomba karatasi ya ulinganisho. Nasi tulikuwa na yetu ndani ya nchi. Mwaka 1971 vyuo vyote viliunganishwa kuwa UNAZA, fakilte zikagawanywa: barua, yaani lugha na fasihi, ikaletwa Lubumbashi, saikolojia na ualimu zikapelekwa Kisangani. Mpaka 1981 vijana wa Kinshasa walikuwa wakishuka Katanga kusoma. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa hapa Likasi mwaka 1941, wakati mji ukiitwa Jadotville, alifundisha Lubumbashi miaka ile, mbele ya darasa lililotoka nchi nzima. UNAZA ilikuwa na ubaya wake, na wengi walihamishwa bila kuulizwa. Ninachosema ni kwamba kusafiri kwa ajili ya kozi si jambo la jana. Baba zetu walilifanya kwa treni.

Kwa wazazi na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu na walio na safari mbele, siwezi kungoja mageuzi. Nasema hivi. Kabla ya kutafuta tiketi, omba chuo unakokwenda kikutumie orodha ya kozi za muhula ule hasa, si za mwaka mzima. Tafuta kozi za mwaka wako, na uulize kama kuna kozi inayopaswa kuitangulia. Chagua mbili zaidi ya unazohitaji, kwa sababu moja itagongana na nyingine, nakuhakikishia. Kisha nenda kwenye fakilte yako na karatasi yenye safu mbili, za kule na za hapa, na uombe sahihi ya mkuu wa fakilte na muhuri. Iandikwe pia krediti zitageuzwa kwa njia gani. Wakikuambia « wewe nenda tu, tutaona ukirudi », usiende bado. Juri itakayokupokea inaweza kuwa na watu wengine kabisa.

Na ukifika kule, kozi ikibadilika, piga picha ya orodha mpya na uitume nyumbani siku ileile, usisubiri mwisho wa muhula.

Yule kijana wa Kikula amemaliza masomo yake sasa. Dada yake mdogo amepata nafasi ya muhula mmoja Zambia, na safari hii kaka mtu ndiye anayesimamia. Wiki iliyopita alinionyesha karatasi: safu mbili, kozi sita upande huu, sita upande ule, mbili za akiba chini, na krediti zimegeuzwa kwa penseli pembeni. Chuo cha kule kimeshatia sahihi na kuirudisha. Ya hapa bado. Wameenda mara tatu, na mara tatu wameambiwa mkuu wa fakilte yuko safarini. Watarudi Jumatatu.