Tairi Kipara na Roho za Wananchi

Uko msemo uliozoeleka midomoni mwa watu wetu, nao ni huu: ajali haina kinga. Msemo huu husemwa hospitalini na husemwa matangani, na mara nyingi husemwa kwa nia njema ya kuwafariji wafiwa. Lakini sisi twaona kwamba siku hizi umekuwa pazia la kufunikia uzembe. Ziko ajali zisizo na kinga, hilo hatulikatai. Ila pikipiki iliyoteleza mteremkoni kwa sababu tairi lake la nyuma limekuwa kipara kwa miezi mitatu, hiyo ilikuwa na kinga. Na kinga yenyewe ilikuwa ikiuzwa dukani.

Jambo hili lauhusu mji wa Mwanza kuliko miji mingi. Mwanza imejengwa juu ya vilima na majabali. Atokaye mjini kwenda Bugando au Isamilo hupanda, na arudipo hushuka. Mvua za vuli zianzapo, na tena masika yafikapo Machi hadi Mei, maji huporomoka kutoka vilimani yakibeba mchanga na kokoto mpaka juu ya lami. Maji ya siku ya kwanza ndiyo mabaya kupita yote, kwa kuwa huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka wakati wa kiangazi, yakafanya utelezi kama wa sabuni.

Katika barabara hizo ndimo wapitamo vijana wa bodaboda. Tangu Serikali ilipotoa kanuni za mwaka 2010 za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji zibebazo abiria, kazi hii imekuwa kazi halali kama kazi nyingine. Bodaboda humchukua mfanya kazi alfajiri kutoka Igoma na Buhongwa, humpeleka mama mjamzito Sekou Toure, na hubeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilometa 3 za maji zilizokuwa zikisubiriwa kwa kivuko sasa huvukwa kwa dakika chache. Hayo ni maendeleo. Lakini barabara iliyonyooka humvuta mtu aongeze mwendo, na mwendo huongeza deni ambalo tairi ndilo litakalolilipa.

Na tuseme wazi deni hilo ni lipi. Mahali ambapo tairi la pikipiki hugusa barabara hapazidi kiganja cha mtu mzima. Dereva, abiria na mzigo wao wote hushikwa na viganja viwili tu vya mpira. Barabara ikiwa kavu, mpira wenyewe ndio ushikao lami. Ikiwa imelowa, kazi ya kashata ni kuyapisha maji ili mpira uifikie lami. Kashata zikiisha, maji hukosa pa kupita. Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki huzidi mara nne. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa kwenye lami kavu, kwa hesabu ya fizikia, yaweza kusimama katika meta 9 au 10 tangu breki zishike; lami ikilowa, meta 15 au zaidi. Na hizo ni hesabu za tairi zima. Kwa tairi kipara, asiwepo wa kukuahidi.

Yako makosa ambayo watu huyafanya wakidhani ni akili. La kwanza ni kulichonga upya kwa kisu tairi lililokwisha, ili lionekane lina kashata. Mtu afanyaye hivyo huondoa ule mpira mwembamba uliosalia kuzilinda nyuzi za ndani, naye amejitengenezea mpasuko. La pili ni kupima upepo kwa kidole gumba au kwa teke. Upepo ukipungua, kuta za tairi hujikunja na kupata moto, na tyubu husogea hata ikakatika shingoni. Upepo ukizidi, kile kiganja tulichokitaja hupungua. Kipimo cha upepo si kitu cha anasa; kijiwe kizima chaweza kununua kimoja, kikatumika kila asubuhi kabla matairi hayajapata moto. La tatu ni kudhani kwamba tairi lenye kashata nene ni zima siku zote. Mpira huzeeka na kuwa mgumu hata ukiwa stoo. Ubavuni mwa tairi mara nyingi pana tarakimu nne: 1223 maana yake ni juma la 12 la mwaka 2023. Mnunuzi na azisome kabla ya kutoa fedha zake.

Lakini tusiishie kumhubiria dereva, kana kwamba yeye peke yake ndiye mkosaji. Madereva wengi si wenye pikipiki. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, au wamo katika mkataba wa kulipa mpaka chombo kiwe chao. Yako mapatano ambayo ndani yake hesabu imetajwa hadi shilingi ya mwisho, bali tairi halikutajwa hata kwa neno moja. Hesabu hudaiwa leo. Tairi laweza kungoja kesho. Kwa hiyo kijana mwenye akili timamu, aonaye kwa macho yake kwamba tairi limekwisha, hulipanda tena siku ya pili na ya tatu. Huyo si mjinga. Amewekwa baina ya njaa na mteremko.

Nani hulipa mwishoni? Madaktari wa Bugando walitoa utafiti mwaka 2010 juu ya majeruhi wa pikipiki mjini Mwanza. Waliona kwamba pikipiki zilihusika na zaidi ya theluthi moja ya majeruhi wa barabarani waliopokelewa, wengi wao vijana, na kwamba miguu na vichwa ndivyo vilivyoumia zaidi. Hatusemi kwamba yote hayo yalitokana na matairi. Mwendo, ulevi na kukosa kofia ngumu vina sehemu yao. Lakini mguu uliovunjika ni miezi isiyo na hesabu wala chakula nyumbani. Tajiri aliyeokoa bei ya tairi hupoteza pikipiki, na taifa hupoteza nguvu ya kijana. Rahisi imekuwa ghali.

Basi yatupasa kufanya nini? Kwanza, kila mkataba wa bodaboda utaje ni nani anunuaye tairi na ni lini libadilishwe. Sisi twaona ni haki mwenye chombo abebe gharama hiyo, au ikatwe katika hesabu. Pili, vyama vya bodaboda viwe na mfuko wa matairi, ambamo kila mwanachama huweka kidogo kila siku. Tatu, askari wa usalama barabarani, wanaposimamisha pikipiki, wainame watazame tairi kama watazamavyo leseni. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikukusudiwa kukagua makaratasi peke yake. Nne, Shirika la Viwango liwe macho madukani, maana tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimama, kabla ya mwaka 2010, soko letu hutegemea sana matairi ya ng'ambo, na si yote yaliyo mema.

Na wewe abiria, ndugu yetu, una sehemu yako. Ukatae mshikaki. Kabla hujapanda, tupa jicho kwenye gurudumu la nyuma. Ukiliona ni laini kama kichwa cha mzee, mwambie dereva kwa heshima kwamba utapanda nyingine. Maneno hayo yakisemwa na wananchi kumi kwa siku katika kijiwe kimoja, yatafika kwa tajiri upesi kuliko barua yoyote ya ofisi.