Waraka kwa Wanachama Kuhusu Sahani Yetu ya Usiku

Kwa madereva, makondakta, wapiga debe, mafundi na wote waliomo katika Umoja wetu, kaka na dada zangu wa stendi,

Nawaandikia kwa upendo, na pia kwa masikitiko. Tulipouanzisha Umoja huu hapa Dar es Salaam tuliweka kwanza mfuko wa kufa na kuzikana, kisha tukaongeza wa kuuguzana, maana kazi yetu tunaijua: gari linaweza kupinduka leo, kesho watoto wakalala njaa. Miaka ile maombi mengi yaliyoletwa mezani yalikuwa ya ajali, ya mguu uliovunjika, ya malaria iliyompanda mtu kichwani. Siku hizi mhazini akifungua daftari anasoma presha, sukari, figo, kiharusi. Na wanaoandikwa humo si wazee. Ni watu wa miaka 40 na kitu, wenye watoto wanaosoma shule ya msingi. Fedha tuliyochangishana kwa ajili ya bahati mbaya inalipia mambo ambayo kwa sehemu tunayanunua wenyewe kila usiku, tena kwa kicheko, na chachandu juu yake.

Sitaki kumwonea mtu. Magonjwa haya yana vyanzo vingi: kuna urithi wa ukoo, kuna sigara na pombe, kuna kiti chenyewe tunachokikalia tangu alfajiri hadi usiku bila kunyoosha miguu. Wala si sisi peke yetu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na karibu asilimia 9 wana kisukari. Basi likijaa, hesabuni wenyewe. Wengi kati ya waliokutwa na presha hawakuwa na habari, kwa sababu presha haina kelele. Mtu anatembea nayo miaka mingi akijiona mzima. Lakini urithi siwezi kuubadilisha kwa waraka. Sahani ya saa mbili usiku tunaweza kuizungumza, na tunaweza kuibadilisha leo hiihii.

Najua kwa nini tunakula tunavyokula, kwa hiyo msinisome kama mtu anayehubiri kutoka ofisini. Hesabu ya tajiri mwenye gari haisubiri. Mchana mama ntilie yupo, ana ugali, maharage, mchicha na dagaa, lakini saa ileile ndiyo foleni ya gari inakufikia, na ukiondoka kwenye foleni umepoteza tripu. Unakunywa soda na andazi, unasukuma siku. Ukija kupata nafasi, masufuria ya mama ntilie yameshaoshwa na yeye ameshapanda gari kurudi nyumbani. Kilichobaki barabarani ni kabati la vioo lenye balbu ndani na kijana aliyesimama nyuma ya karai. Njaa ya kutwa nzima inaagiza kwa niaba yako: zege, yaani chipsi mayai, la mayai matatu, paja la kuku, soda baridi. Njaa ya namna hiyo haina adabu, na hakuna mtu mwenye haki ya kuicheka.

Ila tusimame kidogo mbele ya kabati hilo tuangalie. Zile chipsi zilizolundikwa nyuma ya kioo zilikaangwa jioni, zikaiva nusu, zikatolewa. Ukifika wewe zinarudishwa mafutani mara ya pili. Mafuta yenyewe yamekaangia viazi, yamekaangia kuku, yamekaangia samaki, na si ajabu ni ya tangu juzi, yanaongezewa tu juu. Mafuta yakipashwa moto mkali tena na tena huharibika: yanakuwa meusi, yanatoa povu na moshi, yanaacha ule ukakasi unaobaki kooni. Sisi hawahawa tunaochomoa stiki ya oili kila asubuhi na kukataa kata kata injini isitiwe oili chafu, tunapokea sahani hiyo bila hata kuinama kuangalia karai. Maneno kwamba wapo wanaokaangia mafuta ya transfoma mmeyasikia wote, na siyo yanayonifanya niandike. Mafuta halali ya dukani, yakirudiwa siku tatu, yanatosha kutudhuru.

Kisha angalieni mkono wa mkaangaji. Kabla hujatamka neno ameshachukua kile kichupa kilichotobolewa mfuniko, ametikisa chumvi mara nne, tano, ametia tomato, ambayo nayo ina chumvi na sukari yake, ndipo anauliza, “Pilipili?” Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu: mboga ya mchana, supu ya asubuhi, na hicho kichupa cha usiku. Viazi navyo, vikichemshwa, gramu 100 hazifiki kalori 90. Uzito uleule wa chipsi unakaribia 300, na hapo hujaweka mayai wala paja.

Basi nini? Sitawaambia mhame kibanda. Ningewaambia hivyo mngeniitikia kwa heshima, kisha usiku mngekwenda. Nawaomba muagize kwa namna nyingine palepale. Kama kuna kuku wa kuchoma juu ya mkaa, chukueni huyo badala ya aliyezama kwenye karai, na ngozi iacheni pembeni ya sahani. Mishikaki miwili na ndizi za kuchoma ni chakula cha mtu mzima kabisa. Mayai hayana kosa. Kosa ni yale mafuta yanayomiminwa kwenye kikaango kabla zege halijashikana, kwa hiyo mwombe ayapunguze, au uchukue mawili ya kuchemsha. Chumvi mwambie asitie, utatia mwenyewe; utashangaa jinsi kidogo kinavyotosha mkono ukiwa wako. Kachumbari isiwe pambo. Iwe nusu ya sahani, nyanya, kabichi, karoti na kitunguu, ilimradi uone imeoshwa. Na chipsi, ukizitaka, agiza nusu, zichujwe vizuri, zikatwe nene, kwa kuwa kipande chembamba hunywa mafuta mengi zaidi. Au gawaneni wawili sahani moja. Tulilelewa kwenye sinia moja mikono mingi, na hakuna aliyedhani kula pamoja ni umaskini.

Kuhusu soda nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo ninapopingwa na wengi wenu. Soda ya kawaida ina gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ni karibu vijiko tisa vya chai. Leo hakuna mwanachama atakayekunywa kikombe cha chai chenye vijiko tisa. Mkewe akimwekea hivyo atadhani ana jambo naye. Lakini ikiwa baridi na ina gesi tunashusha mbili kabla ya magharibi. Wataalamu wanasema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ingekuwa chini ya 25 ni bora zaidi. Chupa moja tu imeshapita hiyo 25. Na enaji, vijana wangu, ni sukari na kafeini. Inakukodoa macho kwa saa chache, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, usingizi unakudai kesho yake ukiwa na abiria. Dereva mwenye usingizi anahitaji kulala, na mwenye gari anayekataa hilo mleteni kwangu. Maji yapo. Dafu lipo, chungwa lililomenywa lipo pale pale mlangoni mwa gari, na muuzaji wake anatafuta riziki kama wewe.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu, maana viazi na soda peke yake visingenikosesha usingizi. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka kliniki, ameambiwa apunguze mafuta na chumvi. Usiku wake wa kwanza aliomba mayai ya kuchemsha na kachumbari. Mliokuwapo mnajua alivyopokelewa. Eti ameolewa, amefulia, anafanya dayati ya mabinti. Usiku wa pili alikula zege kama wote, na kicheko kikaisha. Ndugu zangu, sisi tunaobeba jeneza la mwenzetu bila kuulizana kabila wala dini, tunashindwaje kumwachia mwenzetu mayai mawili ya kuchemsha? Umoja uliapa kuuguzana. Haukuapa kusubiri mtu aanguke ndipo tupitishe kofia. Aliyeomba kachumbari alikuwa anapunguza mzigo wa mfuko wetu sote, na tukamfanya aone aibu kwa jambo hilo.

Aibu hiyo ina ndugu yake, nayo ni heshima tunayokipa kitambi. Mtu akinenepa tunasema mambo yake yamenyooka, bosi sasa. Konda mpya anaingia kazini mwembamba, anatuangalia sisi wakubwa, anajifunza gia, anajifunza kudai nauli, na anajifunza kula. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno kwamba mwanaume wa stendi anamaliza sahani mbili na soda ya lita. Ameona. Tunasema kila siku kwamba vijana hawa ni wadogo zetu, na wazazi wao walitukabidhi. Basi tuwe na habari kwamba wanatutazama mikononi.

Wapo watakaosema kifo kipo tu, hata asiyekula chipsi anakufa. Ni kweli, na anayesema hivyo simbishii imani yake. Lakini mtu huyohuyo anafunga mkanda akiona trafiki, anabadilisha breki zikianza kulia, na hapiti kivuko cha reli macho yamefumbwa ati siku haijafika. Tena kiharusi hakiui kila mara. Kinamlaza mtu upande mmoja, miaka, mbele ya mke aliyeacha biashara yake ili amgeuze kitandani. Wengine mnaficha, mnaogopa mkijulikana mna presha mtanyang’anywa gari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nawaahidi kwamba ofisi hii haitapeleka jina la mtu kwa tajiri yeyote. Tutakayeshughulika naye ni yule atakayelitangaza la mwenzake kijiweni.

Na akina dada na vijana wenye vibanda, wengi wenu ni wanachama au ni wake na wadogo wa wanachama. Waraka huu haujaandikwa kuwafukuzia wateja. Mteja akiomba mafuta mapya na kuku wa mkaa, mtamchomea kuku wa mkaa, kwa sababu biashara inamfuata anayelipa. Ninachowaomba ni kichupa cha chumvi kikae mezani, kisikae mkononi mwenu, na mafuta yakishakuwa meusi yamwagwe, msiyaongezee. Najua lita moja ya mafuta inauma kuimwaga. Ndiyo maana nimemwomba mhazini tuangalie kama mfuko wa mikopo midogo unaweza kuwapa wanachama wenye vibanda fedha ya kununulia mafuta kwa ndoo, bei ya jumla, ili kuyabadilisha kusiwe hasara ya kumaliza faida ya usiku.

Kuanzia mwezi ujao muuguzi kutoka zahanati ya jirani atakuja stendi kila Jumamosi ya kwanza kabla ya gari la kwanza kutoka, kupima presha na sukari. Kwa kuwa sukari inataka uje hujala, msipitie kwa muuza chapati. Viongozi wa vijiwe watapanga foleni ili anayepimwa asipoteze zamu yake. Mama ntilie wawili wamekubali kuacha chakula hadi saa tatu usiku, ugali wa dona, mboga za majani na samaki, ikiwa tutawapa idadi ya walaji kabla ya saa tisa alasiri. Majina yaandikwe kwa katibu. Na katika kikao kijacho fedha za Umoja hazitanunua soda. Kutakuwa na maji, machungwa na mihogo ya kuchemsha. Atakayetaka soda aje nayo, hatutamkagua mlangoni.

Waraka huu usomwe kwa sauti katika kila kijiwe, kwa ajili ya wasiopenda kusoma na wale wanaosingizia miwani.

Ndugu yenu,
Mwenyekiti