Haki ya Mchezaji Kutunga

Wako wasemao kwamba mchezo ukirahisishwa umeboreshwa. Neno hili latolewa sana na watetezi wa Skyrim, mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka 2011. Nami napenda kulipinga.

Katika michezo miwili ya ukoo huo iliyoutangulia, Morrowind wa 2002 na Oblivion wa 2006, mchezaji aliweza kujitungia sihiri. Alichagua athari, kama moto, baridi au uponyaji, akazichanganya, akapima nguvu, muda na eneo lake, kisha akaipa sihiri yake jina alitakalo. Katika Skyrim haki hiyo ilifutwa. Mchezaji hupewa sihiri zilizokwisha kupikwa, wala hana ruhusa ya kuongeza chumvi. Ni kweli kwamba aliachiwa kuzindika silaha, na kuitoa sihiri moja kwa mikono miwili ili izidi ukali. Lakini kuzidisha ukali si kutunga.

Watetezi wana sababu mbili, wala si za kudharauliwa. Ya kwanza, utungaji ule uliugeuza uchawi kuwa jedwali la hesabu, ukauondolea ajabu. Ya pili, wajanja waliharibu mizani: walitunga sihiri ya bei ndogo, ya kumpunguzia adui uhai kwa sekunde moja tu; na adui dhaifu akafa papo hapo, maana uhai uliporudi haukumkuta mwenyewe.

Jawabu lipo karibu nasi, katika mchezo aliokuwa akiupenda Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922: nao ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akizinamua moja moja mpaka ziishe, ndipo aingie mtaji. Je, hii si hesabu? Ni hesabu tangu mwanzo hata mwisho. Lakini atazamaye mafundi wawili wakishindana haoni jedwali, aona akili mbili zikiwindana. Basi hesabu haiui ajabu. Kwa aijuaye, hesabu ndiyo ajabu yenyewe.

Wenye bao walijua pia kwamba mchezo huo humwelemea mwanafunzi. Walifanyaje? Walimwekea bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili katika kila shimo tangu mwanzo. Hawakulifuta bao kubwa ili mwanafunzi asione haya. Tena katika bao kubwa limo shimo liitwalo nyumba, lenye nguvu ya pekee. Wakaliwekea masharti, hawakulifukia. Hivyo ndivyo ilivyofaa kutendewa sihiri za wajanja: zipandishwe gharama, ziwekewe mpaka, mtungaji asinyang'anywe kalamu kwa kosa la mwandiko.

Mtu ataniuliza: mambo haya ya kubuni yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kijana wa Musoma, Bunda au Butiama achezaye mchezo huo hakushirikishwa kuuumba ulimwengu wake. Milima, majina na masimulizi yake yote yametoka ng'ambo. Mahali pamoja ndipo alipopewa nafasi ya kutia mkono wake mwenyewe: katika sihiri aliyoitunga, ambayo aliweza kuiita kwa Kijita, Kiikizu au Kizanaki, wala asiombe idhini ya mtu. Mahali hapo palipofutwa, alitolewa katika cheo cha mtunzi akarudishwa katika cheo cha mnunuzi. Nasi tuliokwisha kupokea mengi yaliyotungwa na wengine, haitupasi kuliita jambo hilo urahisi.

Mwalimu alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akaipitia upya, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakuwapunguzia wasomaji mashairi magumu ili wasichoke, alirudi kuyasahihisha. Kazi ya pili na ipimwe kwa kipimo hicho: imerekebisha nini katika ile ya kwanza, na imewaachia nini watu wa kufanya kwa akili zao wenyewe?